Ng'ombe Hakuogopa: Maisha ya Mama Germaine Nsimire M'Kabika (1938–1987)

Ndugu mliotoka Bushi, wakwe mliopanda mtumbwi tangu Yanonge, majirani wa zone ya Tshopo, na ninyi watu wa ferme, shamba la maziwa, ambao mmekuja na harufu ya maziwa mikononi: kabla hatujaushusha mwili wa mama yetu, tukae naye kidogo tena kwa maneno. Yeye hakupenda maneno marefu. Alikuwa mtu wa kuamka mapema. Atatusamehe leo tukikawia.

Mama Germaine Nsimire M'Kabika alizaliwa Walungu, katika milima ya Kivu, tarehe 14 Machi 1938. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Kabika na marehemu mama Nankafu. Kwao ng'ombe ni mali, ni mahari, ni salamu. Mtu akitaka kujua kama umelala vizuri, anauliza kwanza kama ng'ombe wamelala vizuri. Mzee Kabika alijulikana kilima kizima kwa jambo moja. Ukimpa maziwa aonje, anafumba macho, anayaweka kwenye ulimi, kisha anakuambia ng'ombe alikuwa na moyo gani alipokamuliwa. Mara nyingi alisema, "Hii iliogopa," na mkamuaji akaenda zake ameinamisha kichwa. Mara chache, mara chache sana, alisema, "Ng'ombe hii haikuogopa." Sifa nyingine ya kumpa mtu hakuwa nayo. Aliyeambiwa neno hilo alirudi nyumbani nalo kama amepewa ndama.

Nsimire alikua akilitaka neno lile. Lakini kwa desturi ya kwao, wakati ule, mwanamke hakamui. Anaosha vibuyu na kuvifukiza moshi, anagawa maziwa, anasukasuka siagi hata mabega yanauma. Kuchuchumaa chini ya ng'ombe ni kazi ya mwanaume. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini mvua inashuka na haipandi.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, Walungu, tangu mwaka 1946 mpaka 1952. Masista walimsifu kwa hesabu na kwa mwandiko, wakamlalamikia kwa kuchelewa asubuhi. Alichelewa kwa sababu alisimama nyuma ya ua wa miti, akitazama baba yake anavyokamua, akisikiliza wimbo wa chini chini aliokuwa akimwimbia ng'ombe. Siku moja katika kiangazi cha 1951, mzee Kabika alikuwa ameshuka Bukavu sokoni, na Augustin, kaka yake Nsimire, alikuwa amelala na homa. Ng'ombe akalia. Ziwa lake lilikuwa limejaa hata linang'aa. Nsimire aliona huruma ikamshinda. Akaosha mikono, akachuchumaa, akaimba wimbo wa baba yake, na kibuyu kikajaa.

Jioni mzee alirudi na kiu ya njia. Akainua kibuyu mpaka mdomoni, kisha akasita, akaita ndani ya nyumba: "Augustin, umeisha kupona?"

"Hapana, papa," Augustin akajibu toka kitandani. "Ni Nsimire njo alikamula."

Mzee Kabika hakupiga mtu. Hakupaza sauti. Alitoka, akayamwaga maziwa kwenye shina la mgomba, polepole, kama mtu anayemwagia mche. Kisha akamwambia binti yake: "Maziba ya mukono ya mwanamuke, mi sitakunywa mpaka nife." Nsimire akapokea kibuyu, akakiosha. Miaka mingi baadaye aliwaambia wanafunzi wake: "Angenipiga, ningesahau."

Tarehe 27 Julai 1957, Bukavu, aliolewa kanisani na papa Célestin Lofemba, dereva wa lori, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, ambaye anakaa hapa mbele yetu. Lori hilo hilo ndilo lililomleta bibi harusi mpaka Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa siku zile. Alishuka na sanduku la nguo na vibuyu viwili. Wakwe walipomwona anakunywa maziwa, kelele zikapanda mtoni.

"Célestin, mutoto yangu, umetuletea nani?" mama mkwe aliuliza. "Mutu muzima ananyonya nyama ya pori?"

"Mama, ye anakunywa maziba, weye unakunywa supu ya samaki ngolo," papa Célestin akajibu. "Kila mutu na mutoni yake."

Mama mkwe akacheka hata akaketi chini, na tangu siku ile walipendana. Mungu aliwapa watoto watano, mmoja akamchukua tena angali mchanga. Wakati wa vurugu za 1964 mama alikimbilia msituni na wanawe, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, na hakupenda kuyasimulia aliyoyaona. Alisema tu kwamba huko ndiko alikojifunza kunyamazisha mtoto bila kumziba mdomo.

Kazi yake ilianza mwaka 1969. Mafrère, watawa wa kiume, walifufua ferme ya maziwa kwenye barabara ya Banalia, kilomita kumi na mbili toka daraja la Tshopo, wakapandisha ng'ombe kwa boti toka Bas-Congo: ng'ombe wafupi wasio na nundu, wanaovumilia ugonjwa wa mbung'o. Ng'ombe walifika. Waliokosekana ni watu wa kuwakamua. Mji wetu ni wa mto, watoto wetu wanajua wavu na kasia. Vijana walioajiriwa walikuwa na nguvu na nia, lakini walivuta chuchu kama wanavuta ndoano yenye samaki. Ng'ombe wakapiga mateke, ndoo zikapinduka, na ofisini ikasemwa kwamba mbegu hii ya ng'ombe haina maziwa. Mama Germaine alikwenda pale siku moja kununua mbolea ya bustani yake ya lengalenga. Akasimama mlangoni mwa zizi, akatazama, akashindwa kuvumilia.

"Papa," alimwambia kijana mmoja, ambaye bado hajaota ndevu, "usivute. Funga mukono kidole kwa kidole, kama unafunga mulango na mutoto iko analala."

Kijana akajaribu. Ng'ombe akageuza kichwa, akamtazama, akatulia. Frère mkuu wa shamba aliyaona hayo, akamwomba arudi kesho yake. Alirudi miaka kumi na minane.

Mwaka 1974 mafrère walimtuma Bunia kwa mafunzo ya miezi mitatu. Huko alijifunza magonjwa ya ziwa, kuchemsha vyombo, na kudondosha maziwa ya kwanza juu ya kitambaa cheusi ili kuona kama yana mabonge. Aliporudi, darasa la wakamuaji likafunguliwa pale ferme, chini ya paa la bati, na yeye akawa monitrisi, mwalimu wake. Wengi wenu hapa mmepita katika darasa lile. Mnakumbuka kwamba siku za mwanzo hakumruhusu mtu kugusa ziwa. Ulifagia, ulibeba majani, ulimsalimia ng'ombe, ulimwekea mkono ubavuni na kuuacha hapo. Mnakumbuka pia ubishi wa lugha. Vijana waliwasemesha ng'ombe Lingala, tena ile ya kambini, ya kuamrisha. Mama akakataza.

"Hiyo Lingala ya basoda, hata mimi inanitetemesha," alisema. "Na ng'ombe je?"

"Sasa tuongee nayo luga gani, mama? Français?"

"Na Français, itasema tunaiita kwa bureau. Ongea nayo luga ile mama yako alikuamushaka nayo."

Basi zizini kukasikika Kiswahili, Kilokele, Kimashi, na Lingala pia, lakini ile ya kubembelezea mtoto. Maziwa yakashuka. Hata ratiba aliipanga hivyo: kukamua kulimalizika kabla ya animation ya asubuhi, zile nyimbo na ngoma za Chama, kwa sababu, alisema kwa heshima yote, ng'ombe bado hawajajua kucheza.

Na tukumbuke ng'ombe wetu Citoyenne, yaani raia mwanamke. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipowekwa kando kwa amri ya serikali, mama akabaki Nsimire kwenye kadi yake. Wiki ile alizaliwa ndama mwekundu, na mama akampa jina lile lililobaki bila mwenyewe. Alisema masista walilitoa kwa moyo, lisitupwe. Akaja mjumbe wa Chama kutembelea shamba, akamwonyesha ndama kwa fimbo: "Hii inaitwa nani?" Angélique, aliyekuwa mfagiaji, akajibu bila kufikiri: "Germaine, citoyen." Mjumbe akauliza kama ng'ombe wa Zaïre anabeba jina la wakoloni. Mama akapiga goti kidogo, akasema: "Citoyen, ilikuwa inakungoja weye uipatie jina ya kweli." Mjumbe akafikiri, kisha yeye mwenyewe akacheka. "Bon. Iitwe Citoyenne." Ikawa hivyo, na watoto wa Citoyenne na wajukuu wake ndio wanaolisha zizi mpaka leo. Leo, mbele ya altare, tumelirudisha jina Germaine kwa mwenyewe.

Mwaka 1981 mama Nankafu alifariki kule Walungu. Mama Germaine akaenda kumzika, akarudi na baba yake, maana kaka Augustin naye alikuwa ameshatangulia. Mzee Kabika akapewa chumba cha mbele na kiti kwenye baraza, hapa Tshopo. Sisi wa nyumba ile tuliona tangu asubuhi ya kwanza. Mama alirudi toka ferme na bidoni, akamimina maziwa katika kikombe cha bati chenye ua la buluu, akakiweka kwenye kigoda karibu na mkono wa baba yake.

"Nani alikamula?" mzee akauliza.

"Ni mimi, papa."

Mzee akakisukuma kikombe taratibu upande wa wajukuu. "Batoto bakunywe."

Hakukuwa na hasira kati yao. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni hakulielewa. Mzee alimpenda binti yake, na kwa mambo ya ng'ombe hawakuchoka kuongea. Jioni mama alimweleza ziwa fulani limekuwa gumu, mzee akamwonyesha kwa vidole vyake hewani namna ya kulikanda, na kesho yake wanafunzi walifundishwa hivyo. Mengi mliyoyaita mafunzo ya Bunia yalitoka kwenye baraza ile. Lakini asubuhi kikombe kilisukumwa. Siku ambazo Jafari, mwanafunzi wake wa kiume, ndiye aliyekamua, mzee alikunywa mpaka mwisho, akamrudishia hukumu yake, kali au nzuri.

Halafu almasi ikaita. Vijana waliondoka zizini mmoja mmoja kwenda machimboni, na mwaka 1984 Jafari naye akaaga. Darasa likabaki na wanawake: Angélique, Kadidja, Hadidja na wengine. Frère mkuu akauliza kama lifungwe, kwani hakuna mwanaume wa kufundishwa. Mama akamjibu kwamba ng'ombe hajawahi kumwuliza mtu kama ni mwanaume, anauliza tu kama ana haraka. Darasa halikufungwa. Ila nyumbani mzee Kabika hakuwa tena na maziwa ya kunywa. Akanywa chai kavu. Akakonda, mashavu yakaingia ndani.

Hadidja, aliyemwita mzee koko, yaani babu, alimwonea huruma mwalimu wake. "Mama, umuambie tu ni Jafari. Koko hataona. Macho yake imeisha choka."

"Nikimudanganya," mama akasema, "atakunywa uongo yangu, si maziba yangu."

Kila asubuhi akaendelea kukiweka kikombe. "Papa, leo tena?" aliuliza. "Leo tena, binti yangu," mzee alijibu. Waliulizana na kujibizana hivyo kama watu wanaosali rozari, na mama akaondoka kwenda kuosha bidoni. Mara moja tu alionekana amesimama nyuma ya nyumba, bidoni mkononi, bila kuiosha, muda mrefu.

Ugonjwa ulianza katikati ya mwaka 1986, maumivu ya tumbo ambayo aliyaita uchovu. Februari mwaka huu alipasuliwa hospitalini, Makiso. Wauguzi walimhudumia vizuri na familia inawashukuru, lakini uvimbe ulikuwa umeshaenea. Alirudi kufundisha akiwa ameketi kwenye kiti, amejifunga kitenge kwa nguvu kiunoni ili maumivu yasimwinamishe. Oktoba hakuweza tena kupanda barabara ya Banalia. Ndipo wanafunzi wake wakawa wanapita nyumbani kila siku baada ya kukamua, wanasimama kando ya kitanda, na yeye anashika mikono yao, mmoja mmoja, anainusa. Hakuhitaji kuuliza. "Kadidja, leo ulikuwa na haraka," alisema. Au akatabasamu tu, akairudisha mikono ile kwa mwenyewe kama kitu kilichooshwa.

Jumapili tarehe 8 Novemba mzee Kabika alileta kiti chake chumbani, akaketi karibu naye tangu misa mpaka giza. Kuelekea jioni mama akasema: "Papa, umekonda. Nikienda, ukunywe. Hata kama si ya mukono yangu." Mzee alimvutia blanketi mpaka mabegani, akalikunja vizuri chini ya kidevu, kama anavyofunikwa mtoto.

Mama Germaine Nsimire aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Novemba 1987, alfajiri, nyumbani kwake Tshopo, akiwa na mume wake, watoto wake na padri. Kule ferme Hadidja alikuwa ndiyo kwanza anaosha ndoo.

Anamwacha mume wake, papa Célestin Lofemba. Anawaacha watoto wanne: Émilie, Hilaire, Élise na Alphonse, pamoja na wakwe zao. Anawaacha wajukuu tisa, na mdogo kabisa bado ananyonya na hajui tunalia nini. Anawaacha mashemeji na mawifi wa Yanonge, ambao siku hizi wote wanakunywa maziwa na hawapendi kukumbushwa. Anawaacha wakamuaji aliowafundisha, wa ferme yetu na wa mashamba mengine mpaka Banalia. Mnawaona pale, wale waliofunga kichwani kitambaa cheusi, ndicho kitambaa chao cha kazi. Na anamwacha baba yake, mzee Kabika, ambaye hatukujua tumweke wapi katika maneno haya, kwa kuwa si desturi baba kusimama kwenye kaburi la binti yake.

Basi tumtaje mzee kwa jambo lililotokea jana, Jumatano, na ambalo watu wote wa matanga waliliona. Kulipokucha, Hadidja alifika toka ferme na bidoni, maana ng'ombe hawajui msiba, ziwa likijaa limejaa. Kwa mazoea mkono wake ulichukua kikombe chenye ua la buluu, ukamimina, ukakiweka kwenye kigoda. Alipoona alichokifanya, akashtuka, akataka kukiondoa. Mzee akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Nani alikamula?"

Jafari alikuwa amerudi toka machimboni usiku ule kwa ajili ya kilio, ameketi kwenye mkeka hatua chache tu. Wamama wawili wakamkonyeza Hadidja. Mmoja akanong'ona: "Sema Jafari, mutoto, mutu muzee asikufe na njaa." Jafari mwenyewe akainua uso, tayari kukubali.

Hadidja akapiga magoti. "Ni mimi, koko. Mama njo alinifundisha."

Mzee Kabika alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilisemaka: mpaka nife," alisema. "Sikujua Mungu ataanzia kwa binti yangu."

Akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, kikombe kikafunika uso wake. Kisha akafumba macho, na watu wote barazani wakasogea, hata watoto, kwa kuwa kila mtu wa nyumba ile alijua anasubiri nini. Machozi yalitangulia.

"Ng'ombe hii haikuogopa," akasema.

Akamrudishia Hadidja kikombe, akanyoosha kidole kuelekea chumba ambamo mwili wa binti yake ulikuwa umelazwa. "Enda umuambie."

Hadidja akaenda, akamwambia. Sisi nasi tunakuambia tena hapa, mbele ya watu wote, ili usiseme hukusikia: mama Germaine, binti Kabika, ng'ombe hakuogopa. Weka ndoo chini sasa. Pumzika kwa amani.